Uzi: Rekodi za laivu za soul zilizofungiwa kabatini, tuanze na Sam Cooke, Miami 1963

Mtoza Kanda

Wakuu, habari za jioni. Leo nafungua uzi kuhusu kitu kilichonikaa moyoni muda mrefu: rekodi za laivu, yaani za jukwaani, za muziki wa soul wa Wamarekani weusi wa zamani, hasa zile ambazo kampuni zilizikalia miaka na miaka. Nitaushusha kwa vipande maana nina mengi, na huko mbele nina shida yangu binafsi ya kanda ambayo naomba mafundi wa humu mnisaidie.

Nianze na usiku mmoja. Tarehe 12 Januari 1963, Sam Cooke alipanda jukwaani kwenye klabu ya Harlem Square, mtaa wa Overtown, Miami. Overtown ulikuwa mtaa wa watu weusi, na wakati ule ubaguzi wa rangi ulikuwa bado umetawala maisha ya Florida. Kampuni yake, RCA, ilirekodi onyesho lile kwa nia ya kutoa santuri. Kumbukeni Cooke alikuwa nani kwa wanunuzi: kijana aliyetoka kwenye kundi la injili la Soul Stirrers, akavuka kwenda nyimbo za mapenzi, na mwaka 1957 akashika nafasi ya kwanza Marekani na "You Send Me". Sauti ya asali, suti iliyonyooka, tabasamu. Ndivyo alivyouzwa.

Sasa sikilizeni kilichomo kwenye kanda ya Miami. Sauti imekwaruza. Bendi haipumzishi, wimbo mmoja haujaisha sawasawa mwingine umeshaingia. Kwenye "Bring It On Home to Me" haanzi kuimba moja kwa moja. Kwanza anasimulia: mtu kagombana na mpenzi wake, anapiga simu, anambembeleza opereta amuunganishe, na kila anapotua ukumbi unamjibu. Wimbo wenyewe unapoingia, watu wameshaiva. Kwingine anawaambia watoe leso wazizungushe hewani. Mimi nimekulia Tanga. Nimeona akina mama kwenye taarab wakinyanyuka na leso zao, wakienda kumtuza mwimbaji huku wanajibu ubeti kwa mabega, kwa hiyo mara ya kwanza niliposikia kipande kile sikuhitaji kutafsiriwa. Nilijua kabisa kinachoendelea mle ndani.

Wakubwa wa RCA walisikiliza wakaona ni kali mno, itamharibia jina kwa wanunuzi wazungu. Kanda ikawekwa kabatini. Julai 1964 wakamrekodi tena, safari hii klabu ya Copacabana, New York, mbele ya watu waliokaa mezani wanakula chakula cha jioni, akiwaimbia "Bill Bailey" na "Tennessee Waltz". Hiyo ikatoka mwaka huo huo. Ni kazi safi, siikashifu. Lakini ukizisikiliza zote mbili usiku mmoja, kama nilivyofanya mimi, utashangaa kwamba ni koo lile lile.

Tarehe 11 Desemba 1964 Cooke akapigwa risasi akafa, Los Angeles, akiwa na miaka 33. Kanda ya Miami ilitoka mwaka 1985. Miaka 22 kabatini. Aliyeiimba hakuwahi kuiona dukani.

Naendelea.

Mtoza Kanda

Wakati RCA wanaificha ya Cooke, mwenzake alikuwa ameshapigania ya kwake. James Brown alimwomba Syd Nathan, mwenye King Records, amrekodi laivu ukumbi wa Apollo, mtaa wa Harlem, New York. Nathan akakataa katakata: nani atanunua nyimbo zile zile alizokwisha kuzitoa, eti kwa sababu tu zina makelele ya watu? Brown akatoa fedha yake mfukoni, dola 5,700 kama inavyosimuliwa siku zote, akarekodi tarehe 24 Oktoba 1962. Hiyo ni wiki ile ile ambayo Kennedy na Khrushchev walikuwa wanatunishiana misuli juu ya makombora ya Cuba.

Santuri ikatoka 1963. Ikafika nafasi ya pili kwenye chati ya albamu za Marekani na kukaa humo wiki 66. Watangazaji wa redio za watu weusi walikuwa wanaweka upande mzima bila kukata. Sikilizeni "Lost Someone". Inazidi dakika 10, na kwenye santuri ya awali ilibidi ikatwe, nusu upande wa kwanza, nusu wa pili. Bendi inazungusha kitu kimoja tu, polepole, kama mtu anayetwanga. Brown anashusha sauti mpaka karibu kunong'ona, na hapo ndipo unawasikia wanawake mmoja mmoja wakipiga ukelele kutoka gizani. Akinyamaza, wao wanaendelea. Ukiniuliza mimi, mle ndani mwimbaji si mmoja.

Kijana wa Magomeni

Mkuu umetisha. Swali la mwanafunzi: kwa nini nisisikilize tu zile za studio ambazo sauti ni safi? Nimejaribu laivu kadhaa za zamani, nasikia vumbi tu na watu wanapiga kelele.

Fundi Deki

Kijana, swali zuri, na wala si la mwanafunzi.

Chukua mfano mmoja. Mei 1959, Ray Charles alipiga uwanja wa Herndon, Atlanta. Kituo cha redio cha pale, WAOK, kilirekodi kwa maikrofoni moja. Moja tu, kwa bendi nzima, waitikiaji, na uwanja mzima. Hakuna kusema besi ipande, drams zishuke, baadaye tutarekebisha. Kilichoingia ndicho kilichobaki. Atlantic wakaitoa mwaka 1960. Sikiliza "Drown in My Own Tears" ya pale. Mwendo ni wa taratibu kiasi kwamba unaogopa wimbo utasimama. Kwa maiki moja unapata kitu ambacho maiki ishirini hazikupi: unajua umesimama wapi. Unasikia umbali kati yako na piano.

Studio inakupa wimbo. Laivu nzuri inakupa chumba na waliomo. Anza na hiyo ya Cooke, weka hedifoni, usifanye kazi nyingine. Halafu rudi utuambie.

Wakili wa Muziki

Mada nzuri, ila naomba niweke jiwe kidogo. Tunasema "kampuni zilificha" kana kwamba kila kilichofichwa kilikuwa dhuluma. Kuna mahali msanii mwenyewe hakutaka.

Aretha Franklin, Januari 1972, aliimba usiku mbili, tarehe 13 na 14, kwenye kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, pamoja na Mchungaji James Cleveland na kwaya ya Southern California Community. Santuri ilitoka mwaka huo, ikauza zaidi ya milioni 2. Lakini kulikuwa na filamu pia, aliyoiongoza Sydney Pollack. Pollack hakuwa na uzoefu wa kupiga picha za muziki, na hawakutumia vile vibao vya kugonga mwanzo wa kila kipande. Matokeo yake picha na sauti hazikuweza kuoanishwa. Zikakaa. Teknolojia ya kompyuta ilipofika na kuziunganisha, Aretha mwenyewe alienda mahakamani. Mwaka 2015 ilizuiwa isionyeshwe kwenye tamasha la filamu la Telluride, Colorado. Alifariki tarehe 16 Agosti 2018, na miezi mitatu baadaye ikaonyeshwa kwa ridhaa ya familia.

Mimi niliiangalia nikalia machozi. Na bado najiuliza kama nilikuwa na haki ya kuiangalia. Kwa rekodi za magendo, zile za mtu aliyeingia na kinasa sauti kwenye koti, swali ni zito zaidi.

Mtoza Kanda

Wakili, nakubaliana nawe kuhusu Aretha na nitakuwa mkweli: hilo sina jibu lake. Ninachojua ni kwamba kabati la Cooke lilifungwa na kampuni, na James Brown alipokataliwa alilipa mwenyewe.

Ila umemtaja Aretha, basi acha nimlete mtu ambaye hatajwi inavyostahili. King Curtis. Mpiga saksafoni kutoka Texas. Ile saksafoni inayonguruma nyuma ya Sam Cooke pale Miami 1963 ni yake. Sasa nendeni mbele miaka 8: Machi 1971, ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, usiku tatu. Aretha anaimba mbele ya vijana wa kizungu wenye nywele ndefu ambao kampuni iliogopa hawatamwelewa. Nyuma yake ni bendi ya King Curtis: Bernard Purdie kwenye drams, Cornell Dupree gita, Jerry Jemmott besi, Billy Preston kinanda cha ogani. Usiku wa mwisho Aretha akamwona Ray Charles amekaa ukumbini, akaenda kumtoa kitini na kumpandisha jukwaani. Hakuna aliyekuwa amepanga. Wakaimba "Spirit in the Dark" mpaka ikawa ibada.

Santuri ya 1971 ilitoa kipande tu cha usiku zile tatu. Zote kwa pamoja zilitoka 2005, CD 4, nakala 5,000 tu. Hizo leo ni kama dhahabu. Ukizisikiliza kwa mfululizo, nyimbo ni zile zile usiku kwa usiku, na unamsikia Purdie akibadilisha vitu vidogo, pigo moja analichelewesha Ijumaa, Jumapili analiwahisha.

Tarehe 13 Agosti 1971, miezi mitano baada ya Fillmore, King Curtis alichomwa kisu nje ya jengo lake New York akafa. Alikuwa na miaka 37. Mtu mmoja, rekodi mbili kubwa kabisa za laivu za soul, na bado ukimtaja mtaani hakuna anayemjua.

Bibi Santuri

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nasoma humu kwa msaada wa mjukuu. Mmenigusa.

Mwaka 1969 nilikuwa msichana wa sekondari Dar es Salaam. Soul ilikuwa imetushika. Tulikuwa na santuri za Otis Redding na Wilson Pickett, na kwenye kumbi za mjini vijana walicheza mpaka jasho linachuruzika. Januari mwaka ule Vijana wa TANU walikuwa wameshaanza Operesheni Vijana: sketi fupi, suruali za kubana, mawigi, dawa za kujichubua, vyote marufuku. Halafu Novemba, uongozi wa mkoa ukapiga marufuku muziki wa soul wenyewe Dar es Salaam. Tuliambiwa ni kulinda utamaduni na maadili.

Sitaki kugombana na historia. Tulikuwa taifa changa na tuliipenda nchi. Lakini ile ilituuma, kwa sababu watu waliokuwa wanaimba soul walikuwa ndugu zetu waliouzwa utumwani, na siku zile walikuwa wanapigwa na mbwa wa polisi kwao. Sisi tulisikia hivyo. Kaka yangu alitandika blanketi chini ya mlango ili sauti isitoke, akaweka santuri ya Otis aliyorekodiwa Ulaya mwaka 1967. Ile ya safari ya wasanii wa kampuni ya Stax. Otis anapiga mguu jukwaani, mbao zinasikika. Tulikuwa watu saba chumbani tunacheza bila viatu ili jirani asisikie.

Kufikia hapo Otis alikuwa amekwisha kufa, ndege ilianguka ziwani Wisconsin, Desemba 1967. Tulijua. Lakini kwenye ile santuri watu walikuwa bado wanamshangilia, na sisi tulishangilia nao kwa kunong'ona.

Kijana wa Magomeni

Shikamoo bibi. Asante sana. Nyumbani kwetu sijawahi kusimuliwa hili.

Fundi Deki

Shikamoo mama. Hiyo santuri iko wapi sasa?

Bibi Santuri

Marahaba wanangu. Kaka aliondoka nayo kwenda masomoni Leipzig, hakurudi nayo. Mjukuu kanitafutia kwenye simu. Ni ile ile, mpaka pale mbao zinapolia.

Mzawa wa Lubumbashi

Jambo ndugu zangu wote. Naandika kutoka Brussels, niwieni radhi Kiswahili chetu cha Katanga.

Mmeongea Miami, mmeongea Harlem, sasa mje Kinshasa. Septemba 1974, tarehe 22 mpaka 24, uwanja wa mpira, usiku tatu. Mpiga tarumbeta Hugh Masekela wa Afrika Kusini na prodyuza Stewart Levine walipanga tamasha litangulie pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba. Tamasha halikungoja. James Brown alikuja, B.B. King, Bill Withers, The Spinners, Celia Cruz na Fania All-Stars, Miriam Makeba, na wetu: Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Abeti.

Watu walipiga filamu kila kitu. Kisha madeni na kesi zikafunga yote. Filamu ya ngumi ilitoka 1996, na muziki ulikuwemo kidogo tu. Filamu ya muziki wenyewe ilitoka 2008. Mle Bill Withers amekaa peke yake na gita, uwanja mzima wa Kinshasa, anaimba "Hope She'll Be Happier" taratibu sana. Hawakujua Kiingereza wengi wao. Kimya. Uwanja mzima kimya. Mimi nimezoea viwanja vyetu, najua ule ukimya ni bei gani.

Na kinachoniuma: Wamarekani walipata filamu yao baada ya miaka 34. Wasanii wetu wa Afrika walingoja mpaka 2017 ndipo sauti zao za usiku zile zikatoka kama albamu. Miaka 43! Franco alikuwa amekufa tangu 1989, Tabu Ley 2013, Makeba 2008, Abeti 1994. Masekela mwenyewe aliwahi kuiona, akafariki Januari 2018. Wakati mnahesabu miaka 22 ya Sam Cooke, wahesabuni na hawa.

Wakili wa Muziki

Ndugu wa Lubumbashi, nakushukuru. Hili la 43 lilikuwa limenipita kabisa. Na kwa kukazia: tamasha la Harlem la kiangazi cha 1969, pale Mount Morris Park, Hal Tulchin alirekodi kama saa 40 za video. Stevie Wonder, Nina Simone, Mahalia Jackson, Sly Stone na kundi lake. Nyingi hazikupata mnunuzi. Zikakaa kwake karibu miaka 50, na alifariki 2017 kabla ya filamu ya 2021 iliyokuja kuchukua Oscar. Huko hapakuwa na msanii aliyekataa. Kwa hiyo naondoa nusu ya jiwe langu.

Mtoza Kanda

Wakuu, mmenipa nguvu. Sasa shida yangu.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Miaka ya sabini alikuwa anarudi Tanga na vitu vidogo vidogo, na kati ya hivyo kanda moja ya kaseti, karatasi yake ya nje imeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu: D. HATHAWAY LAIVU. Ni santuri ya 1972 ya Donny Hathaway, mwimbaji na mpiga kinanda wa soul, ile ambayo upande wa kwanza ulirekodiwa klabu ya Troubadour, Hollywood, na wa pili klabu ya Bitter End, New York, vyote 1971. Mjomba alikuwa ameinakili kutoka kwenye santuri ya mtu. Alifariki, kanda ikabaki kwangu, na miaka mingi sikuwa na deki ya kuichezea.

Kwa wasiojua: kwenye "You've Got a Friend" ya pale, Donny akigusa noti za kwanza za kinanda tu, wanawake ukumbini wanapiga ukelele. Wameutambua. Kufika kiitikio, hawamwachii aimbe. Ukumbi wote unaimba, yeye anawasindikiza. Alikuwa na miaka 25.

Mwaka jana niliipeleka kwenye duka moja linalohamisha kanda kwenda kwenye kompyuta. Nikalipa. Nikapewa faili, nikakaa kitandani nikaweka hedifoni. Wakuu, watu hawamo. Wamesafisha. Ule ukelele wa mwanzo umegeuka kama maji yanayomwagwa mbali. Makofi yamekuwa vishindo vya chini ya maji. Kiitikio kinasikika kama Donny anaimba peke yake bafuni. Nilirudi kulalamika, nikaambiwa kanda ilikuwa chafu na wamenifanyia hisani. Bahati kanda yenyewe nilirudishiwa. Ina vumbi jeupe pembeni, na nikiitikisa kuna kitu kinagonga ndani.

Fundi, naomba msaada. Sitaki kumpelekea mtu tena.

Fundi Deki

Pole sana mkuu. Kwanza nikueleze kilichotokea, maana wengi humu mtakutana nacho.

Programu za kuondoa kelele zinafanya kazi hivi: unaichagulia sekunde chache za mvumo mtupu wa kanda, inajifunza umbo lake, halafu inaondoa kila kinachofanana nao kwenye rekodi nzima. Mvumo wa kanda umetapakaa kutoka sauti za chini mpaka za juu. Sasa makofi ya watu mia tatu nayo yametapakaa hivyo hivyo. Kwa programu, makofi na mvumo ni ndugu. Ukikaza kidogo tu zaidi ya inavyotakiwa, inakula umati, inamwacha mwimbaji. Hata kampuni kubwa zinabishaniwa kwa hili. Ile ya Sam Cooke imetoka mara zaidi ya moja tangu 1985, na wakusanyaji wanagombana kuhusu umati upewe sauti kiasi gani.

Sasa kanda yako.

Kinachogonga ndani ni kijisponji chenye kipande cha kitambaa laini kinachosukuma utepe ukandamize kichwa cha kusomea. Gundi imekauka, kimedondoka. Bila hicho utasikia sauti inakuja na kupotea. Angalia ganda la kaseti: lina skrubu tano au limeunganishwa kwa moto? Kama ni skrubu, nafuu. Kama limeunganishwa, pitisha kisu chembamba kwenye mshono, taratibu, na uwe umeweka ganda tupu lenye skrubu pembeni la kuhamishia. Fungua juu ya kitambaa cheupe, usiwe na feni.

Vumbi jeupe ni ukungu. Funga pua na mdomo, fanyia nje. Usiusugue utepe kwa kitambaa kikavu. Uzungushe kwa mkono, kwa penseli ya pembe sita, ukiupitisha kwenye kipande cha shashi kisichotoa nyuzi. Ukifika mwisho, rudi tena. Safisha vichwa vya deki kwa spiriti, ile alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kabla na baada, la sivyo kaseti yako inayofuata itaambukizwa.

Halafu kuna kiskrubu kidogo pembeni ya kichwa cha deki. Hicho kinaweka kichwa wima sawa na jinsi mashine iliyorekodi ilivyokuwa. Cheza kanda, geuza kidogo kidogo mpaka matoazi yang'are. Weka alama kilipokuwa mwanzo. Zima Dolby, ule mfumo wa deki wa kupunguza mvumo, isipokuwa una hakika ilirekodiwa nayo.

Hifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, biti 24. Na usiondoe kitu. Hata mvumo. Kusafisha unaweza kufanya kesho au baada ya miaka ishirini kwa programu bora. Kilichofutwa hakirudi.

Kijana wa Magomeni

Nimerudi kama nilivyoahidi. Nimesikiliza Sam Cooke, taa zimezimwa. Kwenye wimbo wa mwisho anawaambia watu wakirudi nyumbani waendelee na sherehe yao. Nimeurudia mara nne. Naenda James Brown sasa.

Mzawa wa Lubumbashi

Kijana, ukimaliza Apollo, nenda Paris. James Brown, ukumbi wa Olympia, 8 Machi 1971, Bootsy Collins akiwa kijana wa miaka 19 kwenye besi. Ilikuwa itoke santuri tatu kwa mpigo. Bendi ikavunjika, ikawekwa kando mpaka 1992. Hiyo ni moto.

Mtoza Kanda

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa.

Ganda lilikuwa la skrubu tano, alhamdulillahi. Kijisponji nimekitoa kwenye kaseti nyingine iliyokufa. Ukungu umenichukua jioni mbili. Nilizungusha kwa penseli mpaka vidole vikaota malengelenge, mke wangu akanipokea upande wa pili. Kiskrubu cha kichwa nilikigeuza chini ya robo mzunguko, na matoazi yakatokea kama mtu amefungua dirisha.

Wanawake wa Troubadour wamo. Wote. Ule ukelele wa mwanzo, nilisimama.

Lakini kuna kingine ambacho sikukitarajia. Mjomba hakuwa na waya wa kuunganisha. Aliweka kinasa sauti mbele ya spika akabonyeza. Kwa hiyo chumba kizima kimeingia. Kwenye "The Ghetto", kama dakika ya saba, kuna mtu anapiga meza kufuatisha kongas, na anapatia. Mlango unalia mara mbili. Na kwenye kiitikio cha "You've Got a Friend", Hollywood inaimba, na karibu zaidi, mkono wa kulia, kuna sauti ya mwanamke inaimba nao kwa maneno ya kubuni, lahani imenyooka. Anamaliza, anauliza kiberiti kiko wapi. Mtu anamjibu kwa "shh".

Nimempigia mama yangu nikamwekea kwenye simu. Kasema sauti ile ni ya shangazi aliyeolewa Pemba, na nyumba ni ile ya Ngamiani, hapa Tanga, kabla haijauzwa. Duka lile lilikuwa limewafuta wote, wa Hollywood na wa Ngamiani, kwa mkupuo mmoja.

Fundi, nimehifadhi WAV biti 24, nakala tatu, moja iko kwa mdogo wangu Mombasa. Upande B haujaanza. Utepe pale mwanzoni umekunjika kama sentimita mbili. Niunyooshe vipi?

Fundi Deki

Usiupige pasi hata ukishauriwa na nani. Uweke juu ya kioo, upande usiogusa kichwa cha deki uangalie juu, upitishe mgongo wa kijiko cha chuma polepole kuelekea upande mmoja tu. Mara tano, sita. Ukiona poda ya kahawia inatoka, acha hapo hapo, icheze hivyo hivyo. Kishindo cha nusu sekunde hakitakuharibia New York.

Na andika kwenye karatasi jina la shangazi, jina la mtaa, na dakika anayoingia, uiweke ndani ya kasha la kanda.

Bibi Santuri

Mwanangu, kama mama yako ataridhia, na mimi naomba kumsikia huyo shangazi.

Mtoza Kanda

Shikamoo bibi. Ameridhia. Namtumia mjukuu wako kipande cha dakika mbili kesho asubuhi. Kiberiti kimo.